Nani alichora inchi yetu, na kwa mkono gani?

Katika shule nyingi za Kongo, mwalimu hutundika ramani ubaoni na watoto wanaionyesha kwa fimbo: huku Matadi, kule Kisangani, chini kabisa Lubumbashi, upande wa jua kuchomoza Bukavu na Goma. Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba ile karatasi ndiyo inchi yenyewe, kama vile picha ya baba ni baba. Hatukuuliza nani aliichora, alipima na nini, alichagua rangi zile kwa sababu gani, na alisahau nini.

Leo tunataka kuuliza, juu ya ramani, ao karte kama tunavyosema kila siku, si mapambo ya ukuta. Kwa ramani mtu anapata parsele ao anaipoteza. Kwa ramani kartiere nzima inaambiwa ihame usiku. Kwa ramani kilima kinapewa kampani, na msitu wa mababu unabaki wa kijiji ao unakuwa wa mwingine.

Kila ramani inasimama juu ya miguu miwili. Mguu mmoja ni kupima: nyota, saa, kamba, leo satelaiti. Mguu mwingine ni kuchora: kuchagua mstari, rangi, jina, na kuamua kipi kionekane na kipi kiachwe. Wa kwanza tunauita sayansi, wa pili sanaa. Mguu mmoja ukiwa mfupi, ramani inachechemea, na anayeanguka mara nyingi si yule aliyeichora.

Ubao unaosomwa kwa kidole

Tuanzie kwetu. Kabla wazungu hawajafika Katanga na vyombo vyao, Waluba walikuwa na kitu wanachokiita lukasa. Ni ubao mdogo unaoenea mkononi, wenye kiuno chembamba katikati. Mwingine umepambwa kwa shanga na simbi, mwingine umechongwa alama. Jina lake hufasiriwa kuwa «mkono mrefu». Wenye kuusoma walikuwa watu wa chama cha Mbudye, waliofundishwa kwa muda mrefu ili watunze kumbukumbu ya ufalme. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha mkono wa kuume kikatembea juu ya shanga, moja baada ya nyingine, huku akisimulia.

Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo iliweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga uliweza kuwa njia ya safari. Humo mlikaa habari za Nkongolo Mwamba, za mwindaji Mbidi Kiluwe, za Kalala Ilunga, pamoja na mahali palipohusika: ziwa, mti, makao ya mfalme, mahali patakatifu. Ubao uleule ulisomwa tofauti kufwatana na siku, na watu waliokaa pale, na neno lililotakiwa kukatwa. Nani alifika kwanza? Nani ana haki ya kiti?

Je, lukasa ni ramani? Mtu wa topografia atatikisa kichwa: haina skeli, haina kaskazini. Ni kweli, huwezi kuitumia kwa kupima kilometa. Lakini inajibu swali ambalo karte nyingi za ofisi hazijibu: mahali hapa ni pa nani, na kwa historia gani? Tena haikusomwa na kila mtu. Ilihitaji masomo, mwalimu na mashahidi.

Leo lukasa nyingi ziko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, nyuma ya kioo, zikiitwa kazi za sanaa. Mwaka wa 1996 watafiti Mary Nooter Roberts na Allen Roberts walitengeneza huko New York maonyesho makubwa ya sanaa ya Waluba, na neno lao kuu lilikuwa kumbukumbu. Walisaidia watu wengi waone kwamba uzuri wa ubao ule ulikuwa na kazi. Lakini tukiweka lukasa katika sanduku la sanaa, na karte ya mzungu katika sanduku la sayansi, tunajidanganya mara mbili. Lukasa ilikuwa na elimu ndani yake. Na karte ya mzungu ilikuwa na sanaa ndani yake, mara nyingine hata uongo.

Fundi wa Rupelmonde

Mtu anayejulikana kuliko wote katika kazi hii alizaliwa mwaka wa 1512 huko Rupelmonde, mahali ambapo leo ni Ubelgiji. Ni Gerardus Mercator. Wengi wanadhani alikuwa mtu wa hesabu tu. Hapana. Alichonga mistari juu ya shaba, alitengeneza vyombo vya kupimia na tufe za dunia, tena alikuwa na mwandiko mzuri sana. Mwaka wa 1540 alitoa kitabu kizima cha kufundisha namna ya kuandika herufi za kulalia. Mikono ile iliyochora herufi ndiyo iliyochora dunia.

Mwaka wa 1569 alitoa ramani kubwa kwa ajili ya mabaharia. Shida yake ilikuwa ile ya kila mchora ramani: dunia ni mviringo, karatasi ni bapa. Menya chungwa, kisha jaribu kulaza ganda juu ya meza. Litapasuka, ao itabidi ulivute. Mercator alichagua kuvuta. Kadiri unavyoiacha ikweta kwenda kaskazini ao kusini, ndivyo alivyopanua nafasi kati ya mistari. Kwa namna hiyo baharia akichora mstari mnyoofu kutoka bandari moja hadi nyingine, alishika upande mmoja wa dira mpaka afike. Kwa mtu wa baharini ilikuwa zawadi kubwa.

Jambo la kushangaza ni hili: Mercator hakuacha maelezo ya hesabu yake. Ni Mwingereza Edward Wright aliyechapisha jedwali la hesabu hiyo mwaka wa 1599, miaka 30 baadaye. Mkono wa fundi ulitangulia, hesabu ikafuata nyuma.

Lakini kuvuta ganda kuna bei yake. Kwenye latitudo ya digrii 60, kila kitu kinapanuka mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana, ndiyo kusema mara nne kwa eneo. Huko juu zaidi inapanuka kupita hapo. Ndiyo maana kisiwa cha Groenland kinaonekana karibu sawa na Afrika yote. Kwa kweli Afrika ina kilometa za mraba karibu milioni 30, na Groenland karibu milioni 2,17 tu: Afrika inaipita mara 14 hivi. Na Kongo yetu peke yake, yenye kilometa za mraba 2.345.000, ni kubwa kuliko Groenland. Chukua ramani ya dunia ya ukutani uone kama macho yako yatakubali.

Si haki kumlaumu Mercator. Yeye alitengeneza chombo cha kuongoza merikebu. Kosa ni la wale waliokichukua chombo cha baharini wakakitundika darasani, na kufundisha watoto ukubwa wa inchi kwa kitu ambacho hakikutengenezwa kwa kuonyesha ukubwa.

Kuna waliojaribu njia nyingine. Mwaka wa 1963 Mmarekani Arthur Robinson alianza kwa jicho: alipanga maumbo ya inchi mpaka yakaonekana vizuri, ndipo akatafuta hesabu ya kuyafuata. Mwaka wa 2018 wataalamu watatu walitoa ramani inayoitwa Equal Earth, ambayo inatunza ukubwa wa kweli wa kila inchi na bado inapendeza kutazama. Mwaka wa 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuacha Mercator katika shule na ofisi na kutumia ramani ya namna hiyo. Wengine wanasema ni maneno ya heshima tu. Sisi tunasema mtoto anayekua akiona bara lake dogo anajifunza kitu, hata kama mwalimu hakukisema.

Milima ambayo haikuwako

Sanaa bila kipimo ina hatari yake. Mwaka wa 1591, huko Roma, Filippo Pigafetta alitoa kitabu juu ya ufalme wa Kongo, kufwatana na habari za Mreno Duarte Lopes aliyekuwa amekaa huku. Kilikuwa na ramani zenye mito na maziwa makubwa mpaka katikati ya bara, mahali ambapo Lopes mwenyewe hakufika. Karatasi iliogopa kubaki tupu. Hata jina Zaire lilizaliwa katika mambo ya namna hiyo: Wakongo walisema nzadi, maana yake mto, na Wareno wakaandika lile neno kama jina la mto wenyewe.

Mwaka wa 1749 Mfaransa Jean-Baptiste Bourguignon d'Anville alifanya jambo la ujasiri. Alifuta. Kila mahali ambapo hakuwa na ushahidi wa kutosha, aliacha nyeupe. Ile nyeupe ilikuwa unyofu wa mwanasayansi.

Lakini ugonjwa haukupona. Mwaka wa 1798 James Rennell, mtu mwenye sifa kubwa Uingereza, alichora katika Afrika ya Magharibi safu ndefu ya milima ya Kong. (Si Kongo yetu: Kong ni mji ulio leo katika Côte d'Ivoire.) Wachoraji wengine walinakili, mmoja kwa mwingine, karibu miaka 90. Rangi zilikuwa nzuri, vilele vilitiwa kivuli vizuri. Kati ya 1887 na 1889 ofisa Mfaransa Louis-Gustave Binger alipita huko kwa miguu. Hakuna milima. Uzuri wa mchoro haukuwa ushahidi.

Na ile nyeupe ya d'Anville? Nayo iligeuka. Iliyoandikwa kwa maana ya «sijui» ilikuja kusomwa kama «hakuna mtu». Tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 1885, Leta Huru ya Kongo ya Leopold wa 2 ilitangaza kwamba udongo usiokaliwa ni wa Leta. Shamba lililopumzishwa, pori la kuwinda, msitu wa dawa na wa matunda: mbele ya macho ya ofisi vyote vilikuwa tupu. Ramani haikuandika sheria ile, lakini ilisaidia macho kuikubali. Mpaka leo mabishano mengi juu ya udongo, katika mikoa yetu, yana mzizi pale.

Mwenye saa na mwenye rangi

Kuna safari moja ambayo inaonyesha vizuri ndoa ya sayansi na sanaa, pamoja na aibu yake. Kati ya 1898 na 1900, ofisa wa Ubelgiji Charles Lemaire aliongoza safari ya kisayansi Katanga. Kazi yake ilikuwa kujua kila mahali palipo kweli duniani: latitudo, longitudo, urefu toka usawa wa bahari, hata nguvu za sumaku ya dunia.

Latitudo si ngumu sana: unapima urefu wa nyota juu ya upeo. Longitudo ndiyo iliwaumiza kichwa. Dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, ndiyo kusema digrii moja kwa dakika nne. Basi ukijua saa ya mahali ulipo na saa ya mahali pa kuanzia, tofauti yake inakuambia umefika wapi. Lakini lazima saa uliyobeba isidanganye. Katika inchi zetu za karibu na ikweta, digrii moja ni kilometa kama 111. Saa ikikosea dakika moja tu, kijiji kinahama kilometa karibu 28 juu ya karatasi, na wakaaji wake wamelala tu nyumbani. Fikiri sasa saa hizo zinavuka mito na matope, mvua juu, jua juu, miezi na miezi.

Pamoja na vyombo, Lemaire alikuwa na mchoraji: Léon Dardenne, msanii toka Brussels. Kazi yake haikuwa kupamba ripoti. Picha za wakati ule hazikuwa na rangi, na mtu wa sayansi alitaka kujua rangi ya udongo, ya jani, ya samaki, sura ya kilima wakati wa kiangazi. Dardenne alichora kwa rangi za maji watu, mandhari, wanyama na mimea. Michoro yake iko leo katika makumbusho ya Tervuren. Ramani ya Lemaire inakuambia kilima kiko wapi. Dardenne anakuambia kinafanana na nini.

Lakini tuseme wazi, kazi hiyo haikufanywa kwa upendo wa elimu tu. Ilifanywa chini ya Leopold, na Katanga ilikuwa tayari inatazamwa kwa ajili ya shaba, tangu mjiolojia Jules Cornet alipopita huko mwaka wa 1892. Lemaire mwenyewe, kabla ya hapo, alikuwa komisere wa wilaya ya Equateur, na ukatili wa miaka ile umeandikwa. Na majina ya mito na vilima yaliyo katika karte yalitoka mdomoni mwa watu wetu, viongozi wa njia na wapagazi, ambao majina yao wenyewe hayakuandikwa pembeni mwa ramani.

Mstari uliozama katika matete

Sayansi bila jicho la mahali pia inaanguka. Watu wa Lubumbashi na Sakania wanajua ile pembe ya Kongo inayoingia ndani ya Zambia kama shoka. Ilitoka katika mapatano ya tarehe 12 mwezi wa 5 mwaka 1894, kati ya Uingereza na Leopold. Yalisema mpaka ufuate mto Luapula mpaka pale unapotoka katika ziwa Bangweulu, kisha ushuke kusini, mnyoofu, kwa meridiani ya mahali pale, mpaka kwenye mgongo wa inchi unaogawa maji ya Kongo na ya Zambezi.

Mezani mambo yalikuwa safi: mto, mstari, mgongo. Lakini aliyekwenda Bangweulu alikuta vinamasi vya matete visivyo na mwisho. Mto unatoka ziwani wapi hasa? Huwezi kuweka kidole. Basi meridiani ipite wapi? Miaka mingi baadaye tume za Wabelgiji na Waingereza bado zilikuwa zinatembea porini kusimika alama. Mpaka leo, watu wa Zambia wanaotoka Copperbelt kwenda mkoa wa Luapula kwa njia ya mkato wanapita ndani ya Kongo. Jamaa wa pande zote mbili wana babu mmoja na lugha moja. Rula haikuwaona.

Rangi nyekundu inasema nini?

Mtu anaweza kusema: hayo ni mambo ya kitambo, leo kuna satelaiti. Basi tupande Goma.

Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002, volkano Nyiragongo ilipasuka, na moto wake ukapita katikati ya mji mpaka ziwa Kivu. Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 ilipasuka tena, usiku. Siku tano baadaye, tarehe 27, gavana wa kijeshi aliamuru kartiere 10 kati ya 18 za mji zihame. Watu mamia ya maelfu walibeba watoto na magodoro: wengine Sake, wengine Rwanda, wengine kwa mashua Bukavu.

Amri ya namna hiyo inahitaji ramani, na ramani ya hatari ni kazi ya mikono miwili. Kwanza wataalamu wanachukua sura ya mlima iliyopimwa na satelaiti. Programu ya kompyuta inamwaga moto wa mfano toka sehemu nyingi za mlima, mara maelfu, na kuhesabu mara ngapi unafika kila mahali. Matokeo yake ni tarakimu nyingi sana ambazo mama wa sokoni Virunga hawezi kuzitumia, wala gavana hawezi. Hapo ndipo kazi ya mchoraji inapoanza. Nyekundu ianzie wapi? Ya manjano iishie wapi? Hesabu haikuleta ukuta, ilileta mteremko: hatari inapungua polepole. Ni mkono wa mtu unaokata mteremko kuwa rangi tatu ao nne.

Na watu wanasoma rangi kama ukuta. Mwenye nyumba upande huu wa avenyu yuko katika nyekundu, anakimbia. Wa upande ule yuko katika manjano, anabaki kulala. Lakini moto hausomi avenyu. Mchoraji mwenye akili atapaka mpaka kwa rangi inayofifia, ili jicho lielewe kwamba hakuna uhakika. Mchoraji mvivu ataweka mstari mweusi. Tarakimu ni zilezile, lakini watu wataamua tofauti.

Hata sura ya mlima wenyewe ina siri. Ramani nyingi zinapaka kivuli kana kwamba jua linatoka juu upande wa kushoto, kaskazini-magharibi. Kwetu jua halikai pale siku zote. Lakini jicho la binadamu limezoea mwanga kutoka juu: ukigeuza kivuli, kilima kinaonekana shimo na bonde linaonekana mlima. Mswisi Eduard Imhof, fundi mkubwa wa kazi hiyo katika karne ya 20, alikuwa profesa na pia mchoraji wa rangi za maji. Alijua kwamba ili ramani iseme kweli, mara nyingine lazima mwanga wake uwe wa kubuni.

Karé za madini, na msitu wa kijiji

Sasa tuje kwenye mfuko na chakula. Kufwatana na Kode ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inchi yetu imegawanywa katika miraba, watu husema karé. Kila karé ina hektari 84,955, nayo haikatwi vipande. Anayetaka ruhusa ya kutafuta ao kuchimba anaomba karé kadhaa kwa kadastre ya madini, zikitajwa kwa tarakimu za latitudo na longitudo. Ni kazi safi ya kupima, na ina faida: watu wawili hawawezi kuuziwa kilima kimoja kirahisi kama zamani, mradi daftari litunzwe vizuri.

Lakini karé haina harufu. Ukiitazama katika kompyuta huoni makaburi, huoni shamba la mihogo la mjane, huoni kisima, huoni njia ya watoto kwenda shule. Si kwamba mtu wa kadastre ni mwovu. Chombo chake hakikutengenezwa kuonyesha hayo, kama vile ramani ya Mercator haikutengenezwa kuonyesha ukubwa. Hatari inaanza pale watu wanapoitazama karé na kusema: hapa hakuna kitu. Tumesikia neno hilo tangu 1885.

Katika misitu kuna mlango mwingine ulifunguliwa. Kode ya misitu ya mwaka 2002 ilikubali kwamba jamii inaweza kupewa msitu wake, na dekre ya tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka 2014 ilieleza namna gani: mpaka hektari 50.000, bila kikomo cha miaka. Katika faili la kuomba lazima iwemo ramani, na ramani hiyo itoke kwa wakaaji wenyewe pamoja na majirani zao.

Kazi hiyo huanza mara nyingi chini ya mti. Watu wanachora kwanza udongoni kwa kijiti: jani ni msitu, kamba ni mto, jiwe ni kijiji cha zamani kilichoachwa. Wazee wanataja majina. Vijana wananakili juu ya karatasi kubwa. Wanaume wakichora peke yao utaona mitego, mipaka na njia za kuwinda. Wanawake wakichora utaona visima, uyoga, miti ya viwavi na mashamba ya miaka iliyopita. Mbilikimo wakikaa katika duara utaona msitu mwingine kabisa, wenye njia ambazo Wabantu hawazijui. Ukichukua karatasi moja tu, umeibia wengine.

Baadaye wanakwenda porini na GPS, wakipiga alama moja moja: hapa kijito, hapa kaburi, hapa mti wa mpaka. Hapo mara nyingi maneno yanatoka. Kijiji jirani kinasema ule mti si wa mpaka, mpaka uko ng'ambo ya kijito. Mambo yaliyokaa miaka 50 katika midomo ya wazee, ambayo kila upande uliyavumilia, sasa yanatakiwa yawe mstari mmoja. Ramani inaweza kuleta ugomvi ambao haukuwako. Kwa hiyo wenye uzoefu hawapigi alama ya mpaka mpaka majirani wawepo, na wakubali kwa sauti mbele ya watu. Watu wa Mbudye wangeelewa hilo vizuri.

Kuna tena swali la siri. Je, mahali patakatifu pachorwe? Ukipachora, sheria inaweza kupaheshimu. Lakini karatasi inasafiri, na si kila anayeisoma anakuja na moyo safi. Jamii nyingine zinachora duara kubwa bila kusema katikati yake kuna nini. Huo nao ni ufundi: kujua cha kuficha.

Kabla ya kutia sahihi

Msomaji, siku utakapoletewa ramani ya parsele, ya karé ao ya msitu, usiitazame kama picha ya mtakatifu. Iulize kama unavyouliza shahidi.

Ni ya mwaka gani? Karte nyingi za ofisi zetu zilitoka katika kazi za kabla ya uhuru, na vijiji vimehama, mito imebadili njia, miji imekua mara nyingi. Skeli yake ni ngapi? Katika ramani ya 1 kwa 200.000, unene wa milimeta moja ni mita 200 za kweli: mstari wa kalamu tu unaweza kumeza kartiere. Rangi na alama zimeelezwa wapi, na nani alizichagua? Nani alilipa kazi? Nani alitembea mpakani, na nani alikaa katika ofisi tu? Mwisho, swali gumu kuliko yote: ni kitu gani mimi nakijua hapa, na sikioni katika karatasi hii?

Kama unakiona kinakosekana, dai kiandikwe kabla ya kutia sahihi. Enda na mzee anayejua majina, na kijana anayejua GPS, na mama anayelima pale. Ombeni nakala, muitunze pakavu, na muandike nyuma yake tarehe na majina ya waliokuwepo. Siku kampani ao mtu wa Leta atakapokuja na ramani yake, yenu nayo itakuwa mezani.